Amana ya Baridi: Chanjo na Dawa Zetu Umeme Unapokatika



Wengi wenu mtaikumbuka Jumatatu ya tarehe 10 Julai 2023. Theluji ilianguka hapa Johannesburg baada ya kupita zaidi ya miaka kumi bila kuonekana, na watoto wetu wa Observatory wakatoka mbio barabarani kuipokea kwa viganja. Wazazi walisimama madirishani wakitabasamu, huku kila mmoja akijiuliza umeme utakatika saa ngapi, maana mwaka huo mgao ulitawala nyumba zetu kuliko saa ya ukutani.

Katika wiki hiyo hiyo tuliletewa masuala mawili, na mwanzoni hatukuona kwamba yana uhusiano.

La kwanza lilitoka kwa mama mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Tanga. Alimpeleka mwanawe wa miezi 6 kliniki kwa chanjo ya surua, akaambiwa kwamba umeme ulikatika usiku kucha, kipimajoto cha jokofu kimepanda, na chanjo zote zimewekwa kando hadi zichunguzwe. Arudi wiki ijayo. Aliporudi akaambiwa shehena mpya haijafika. Basi akakata shauri kutokwenda tena. "Hata wakimdunga," alituambia, "dawa yenyewe imekwisha kufa. Nikapoteze tena siku ya kazi kwa ajili ya maji matupu?"

La pili lilimhusu mzee mmoja wa jengo letu, mgonjwa wa kisukari. Kwa kuuhofia mgao, aliitoa insulini yake ndani ya jokofu, akaitia katika mfuko wa plastiki na kuuning'iniza nje ya dirisha, kwa hoja kwamba baridi ya Mwenyezi Mungu haina mgao. Asubuhi akaikuta imeganda. Akaiyeyusha kwenye jua na kuendelea kujidunga kama kawaida. Siku ya nne alikuwa na kiu isiyokatika na macho yenye ukungu, na wanawe wakamkimbiza hospitali. Alhamdulillahi, alipona.

Mama aliamini kwamba umeme ukikatika mara moja, kila kitu kimeharibika. Mzee aliamini kwamba baridi, hata ikizidi vipi, haiharibu kitu. Wote wawili walikosea, na makosa yao ni yetu sote. Kwa hiyo tuliwaendea wauguzi na wafamasia, tukauliza na kusoma, na haya ndiyo tuliyoyakusanya kwa faida ya kila nyumba.

KATI YA NYUZIJOTO 2 NA 8

Chanjo karibu zote wanazopewa watoto kliniki huhifadhiwa katika baridi isiyopungua nyuzijoto 2 wala kuzidi 8. Kiwango hicho hakikuchaguliwa ovyo. Chanjo ya surua na ile ya kifua kikuu zina vijidudu hai vilivyodhoofishwa, na joto huviua polepole. Uharibifu wa joto hujumlishwa: kichupa kilichokaa nje leo kidogo na kesho kidogo kimepoteza nguvu mara mbili, na kukirudisha kwenye jokofu hakurejeshi kilichopotea. Hata hivyo, saa chache za joto la wastani haziui chanjo papo hapo. Ndiyo maana muuguzi huziweka kando na kuzichunguza kabla ya kuamua zitupwe au zitumike. Mama wa Tanga aliambiwa "zimewekwa kando", naye akasikia "zimekufa".

Upande wa pili ndio tunaousahau. Chanjo za homa ya ini B, pepopunda, dondakoo na kifaduro hazina vijidudu hai, bali zina chembechembe zilizoshikamana na chumvi ya alumini ndani ya maji. Maji yakiganda, chembe hizo hujikusanya madonge. Barafu ikiyeyuka, madonge hayaachani, na chanjo haifanyi kazi tena. Mtoto hudungwa, hulia, kitabu chake huandikwa, na kinga hana. Vivyo hivyo insulini: ikiganda mara moja tu, ni ya kutupa, hata kama baada ya kuyeyuka inaonekana safi kama maji ya chemchemi.

Sisi tuliokulia pwani tumefundishwa kuliogopa joto peke yake. Samaki akiachwa nje huoza. Barafu ndiyo rafiki yake. Huku tulikohamia mambo ni mengine. Mtaa wetu umekaa kwenye mgongo wa kilima kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi huweza kushuka chini ya nyuzi sifuri. Jina lenyewe la Observatory limetokana na kituo kilichojengwa juu ya kilima hicho mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi wamesikia habari zake za nyota, kwani hapo ndipo Robert Innes alipotangaza mwaka 1915 kuigundua Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua. Lakini kituo kilianza kwa kazi ya hali ya hewa, yaani kupima joto, baridi na mvua. Waliotutangulia kilimani walikuja kupima, ilhali sisi bado tunakisia.

MNYORORO BARIDI

Wataalamu huiita safari ya chanjo kutoka kiwandani hadi mkononi mwa mtoto "mnyororo baridi". Ndege, ghala, gari, jokofu la kliniki na sanduku la muuguzi ni pete za mnyororo huo, na pete moja ikikatika, zilizobaki hazina kazi.

Mnyororo huu haukujengwa kwa kutegemea umeme wa uhakika. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wake wa chanjo kwa watoto wote mwaka 1974, vijiji vingi vya kwetu havikuwa na hata nguzo moja ya umeme. Wazee wetu waliofanya kazi katika zahanati za shamba wanayakumbuka majokofu ya mafuta ya taa. Mhudumu alikata utambi na kuusafisha, akahakikisha mwali ni wa buluu wala hautoi moshi, akajaza tangi, kisha akaandika kiwango cha joto asubuhi na jioni. Jokofu lilikuwa kama mtoto mchanga, halikuweza kuachwa peke yake.

Ndugu zetu wa Unguja nao hawana haja ya kuelezwa maana ya giza. Mwezi Mei 2008 umeme unaotoka bara ulikatika kisiwani kwa karibu mwezi mzima, na tokea Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika, kisiwa kizima kilikaa miezi mitatu bila umeme wa gridi. Mwenye jenereta aliiwasha, na asiyekuwa nayo alirudi kwenye kandili na mtungi.

Leo kuna majokofu yaliyoundwa kwa ajili ya mikasa hiyo. Moja lina kuta zenye barafu ndani yake, na umeme ukikatika barafu hiyo huendelea kuhifadhi baridi kwa muda wa saa 20 au zaidi hata penye joto kali, mradi mlango usifunguliwe ovyo. Jingine huendeshwa na jua moja kwa moja bila betri, na huhimili siku tatu za mawingu.

Mfano mkubwa zaidi umetoka Kongo ya mashariki. Homa ya Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini mwezi Agosti 2018, chanjo iliyokuwapo ilitakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi kali mno, kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Katika nchi ya barabara mbovu, mapigano na umeme wa kubahatisha, chanjo hiyo ilifikishwa Beni, Butembo na vijijini, ikiwa ndani ya vyombo vinavyofanana na chupa kubwa ya chai, vyenye uwezo wa kuhifadhi baridi hiyo kwa siku kadhaa. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa kabla ya maradhi kutangazwa kwisha mwezi Juni 2020, ingawa zaidi ya 2,200 walikuwa wamekwisha kufariki. Familia kadhaa za Yeoville na Bezuidenhout Valley zina jamaa miongoni mwa waliochanjwa. Ikiwa Butembo iliwezekana, hapana sababu ya kukata tamaa Johannesburg.

MUUGUZI ANAJUAJE?

Kuna kipimajoto kinachosomwa na kuandikwa kila siku, na vifaa vinavyojiandikia vyenyewe usiku kucha. Kwa upande wa joto, vichupa vingi vinavyotumika Afrika Mashariki vina kibandiko kidogo chenye duara na mraba ndani yake, kilichoanza mwaka 1996 kwa matone ya polio. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo yafaa. Ukishalingana nalo kwa rangi au kulizidi kwa weusi, haifai. Katika nchi nyingine vichupa huja bila kibandiko hicho, na hapo kumbukumbu ya kipimajoto ndiyo hakimu.

Lakini kibandiko hakionyeshi kuganda. Kwa hilo kuna jaribio la kutikisa. Muuguzi huchukua kichupa kimoja cha aina ile ile, hukigandisha kwa makusudi na kukiyeyusha. Kisha hukitikisa pamoja na kile anachokishuku, akaviweka mezani na kutazama. Kilichoganda hutulia haraka na kuacha mashapo chini. Kama kinachoshukiwa kinatulia vivyo hivyo, hutupwa.

KWA NINI DAWA HUMWAGWA?

Wazazi wengi hukasirika wanapoambiwa, "Njoo Jumanne, leo hatufungui kichupa," au wanapoona dawa iliyobaki inamwagwa jioni. Kichupa cha chanjo ya surua mara nyingi kina dozi 10 za unga mkavu. Unga ukishachanganywa na maji yake, hutakiwa kubaki kwenye baridi na kutumika ndani ya muda wa saa 6, kisha ni wa kutupwa.

Sababu yake iliandikwa kwa machozi Sudan Kusini. Mwezi Mei 2017, karibu na Kapoeta, watoto 15 walifariki baada ya kampeni ya surua. Uchunguzi ulionyesha kwamba dawa iliyokwisha kuchanganywa ilikaa bila jokofu, na bomba moja la sindano lilitumika kuchanganyia kwa siku 4 mfululizo, vijidudu vikazaliana humo. Chanjo yenyewe haikuwa na kosa. Walioishika ndio walioivunja amana. Kwa hiyo muuguzi anayemwaga dawa mbele yetu hafanyi ubadhirifu, analinda roho za watoto wetu.

MPISHI WA MARKA

Yupo atakayeuliza: je, haiwezekani kupata chanjo isiyohitaji baridi? Iliwahi kuwapo, na kisa chake kilimalizikia kwenye pwani yetu.

Chanjo ya ndui iliyotumika kuyatokomeza maradhi hayo ilikaushwa ikawa unga, na ungeweza kustahimili nyuzijoto 37 kwa mwezi mzima. Wachanjaji waliibeba kwa miguu na kwa ngamia bila kuhangaikia barafu. Mgonjwa wa mwisho duniani aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, mpishi wa hospitali ya Marka katika pwani ya Banadir, kaskazini ya Barawa. Mwezi Oktoba 1977 aliisindikiza gari iliyobeba watoto wagonjwa, na baada ya wiki mbili akatokwa na vipele. Alifanya kazi hospitalini, na chanjo ilikuwa mlangoni mwake. Mwenyewe alikuja kueleza kwamba alikwepa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona, na baadaye akajitolea kuwashawishi Wasomali wenzake wachanje watoto dhidi ya polio. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa bado katika kazi hiyo.

Hapo ndipo tulipolipata jibu la mama wa Tanga. Marka hapakuhitajika umeme wala barafu; dawa ilikuwapo, nzima na yenye nguvu. Kilichokosekana ni mkono wa kuipokea. Mnyororo baridi haukomi kwenye jokofu. Pete yake ya mwisho ni mzazi anayerudi kliniki.

Na kutorudi kuna gharama. Mlipuko wa surua ulioanzia mkoa wa Limpopo mwezi Oktoba 2022 ulienea hadi mikoa mingine, Gauteng ikiwamo, katika miezi ile ile ya mgao mkali. Surua haiulizi kama kliniki ilikuwa na umeme.

INSULINI NA DAWA ZA NYUMBANI

Chanjo haihifadhiwi nyumbani, bali insulini twaishi nayo. Isiyofunguliwa hukaa ndani ya jokofu, nyuzijoto 2 hadi 8. Inayotumika, kwa aina nyingi, inaweza kukaa nje ya jokofu kwa muda wa wiki 4 hivi, mahali penye kivuli pasipozidi nyuzijoto 25 au 30, kama karatasi yake inavyoagiza.

Kuna habari njema kutoka kwetu. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, ambako nyumba nyingi hazina jokofu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba insulini iliyopitishwa katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki 4 ilibaki na nguvu yake. Basi mgao wa saa chache hapa Observatory usimtie mgonjwa hofu kiasi cha kuitundika dawa dirishani.

Umeme ukikatika kwa siku nyingi wakati wa joto, mtungi wa bibi zetu bado una kazi. Weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga kati yake, umwagilie maji, ufunike kwa kitambaa kibichi. Maji yanapokauka huchukua joto. Katika hewa kavu kama ya huku, mbinu hii hufaa kuliko Mombasa au Unguja kwenye unyevu. Lakini mtungi ni kwa insulini tu, wala si kwa chanjo.

TUFANYE NINI?

1. Ukiambiwa urudi, uliza siku maalumu na uiandike ndani ya kitabu cha afya ya mtoto. Chanjo ikichelewa huendelezwa pale ilipoishia. Hakuna haja ya kuanza upya.

2. Uliza kwa adabu: "Dada, jokofu limeendeleaje baada ya umeme kukatika?" Muuguzi mwema hatachukia. Yeye ndiye wa kwanza kutaka kujua.

3. Usiogope kurudi kwa sababu ya karatasi. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilithibitisha kwamba wajawazito na watoto walio chini ya miaka 6 wanastahiki matibabu ya bure katika vituo vya serikali, wawe raia au wageni, wawe na vitambulisho au wasiwe navyo.

4. Usinunue chanjo dukani ukaipeleka nyumbani. Idungwe hapo hapo ilipohifadhiwa.

5. Anayenuia Hija asingoje wiki ya mwisho. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo hutakiwa iwe imedungwa siku 10 au zaidi kabla ya kuwasili Saudi Arabia, nayo pia hutegemea jokofu.

6. Insulini iwekwe rafu ya katikati: si mlangoni, ambako joto huingia kila watoto wanapofungua, hasa jioni za Ramadhani, wala si karibu na sehemu ya barafu. Panga chupa za maji ndani ya jokofu; zitasaidia kuhifadhi baridi. Umeme ukikatika, funga mlango. Jokofu la kawaida huhimili muda wa saa 4 hivi.

7. Ukibeba insulini pamoja na barafu, izungushie taulo isigusane nayo. Ikiganda, itupe, na umwone mfamasia upesi.

Mgao wa umeme ulioanza nchini humu mwishoni mwa 2007 ulifikia kilele mwaka 2023, ulipokatika zaidi ya siku 300. Mwezi Machi 2024 ulisimama, ukapita muda wa miezi kumi, kisha ukarejea kwa siku chache mwanzoni mwa 2025. Hata usipokuwapo, nyaya huibwa na transfoma huungua. Tusijenge afya ya watoto wetu juu ya matumaini ya taa kuwaka.

Mama wa Tanga alirudi kliniki mara ya tatu. Tulimsindikiza, tukakaa naye kwenye foleni tangu alfajiri, na saa nne ya asubuhi mtoto alidungwa, akalia kidogo, akanyonya, akalala. Mzee wa kisukari amenunua kipimajoto kidogo cha jokofu, na sasa hukisoma kila baada ya Swala ya Alfajiri, kama mhudumu wa zamani mbele ya jokofu lake la mafuta ya taa. Majirani wawili wamekwisha kumwachia dawa zao.

Wabillahi tawfiq.